Kasuku wa Mama Furaha

Goma, Alhamisi

Nilifikiri atanitukana, na angekuwa na haki. Mutu amekimbia vita Masisi na kasuku wake ndani ya kitunga, halafu mimi nakuja kambini kumunyang'anya. Lakini kasuku hawa wa kijivu wanaisha porini, na kazi yangu ni kuwarudisha.

Mama Furaha akasema tu: "Papa, umuchukue. Lakini nitamufikisha mimi mwenyewe."

Kwenye kizimba chetu, kasuku wengine wakapiga muluzi. Wake, aliyezoea kuita watoto kwa majina, akawajibu kwa sauti yao. Mama akacheka huku analia.

Manyoya ya mabawa yalikatwa. Sijui kama yataota vizuri, lakini...

Tukirudi, akaniuliza kama pori la kwao lingali liko.

"Liko, mama. Mutarudi wote wawili."

Sikusema hivyo kwa kumutuliza. Ninaamini.