Injini Iliyopashwa Kabla Sijafika

Jumatatu, 6 Oktoba 2014
Vyeti tangu asubuhi. Ni vya meli ambayo ofisi yetu inataka kuikodi ipeleke watafiti Antaktika. Kazi yangu ni kusema kama itahimili barafu. Kila cheti kipo, kila muhuri upo. Safi mno. Sipendi.

Jumatano, 8 Oktoba
Papa Kalenga, anayeshughulikia mikataba, kaniletea kahawa mezani. Miaka yote hii hajawahi.
"Maman, ile bateau iko bien. Si utie tu signature leo?"
Nikamjibu nitaiona kwanza. Akatabasamu. Anataka nini? Nimerudi nyumbani Laeken na hasira.

Ijumaa, 10 Oktoba
Bandarini Antwerp, kwenye meli yenyewe. Kapteni mchangamfu kupita kiasi. Tukafika kwenye boti ya kuokolea watu. Kabla hawajawasha injini, niliishika. Ya moto! Waliipasha kabla sijafika. Ikawaka mara moja, wakapiga makofi. Kule kwenye barafu nani ataipasha?
Saa ya kufika kwangu aliijua Kalenga peke yake. Wenye meli wamemnunua. Nina hakika.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimerudi melini bila kumwambia mtu. Nimeomba injini ile ile iwashwe. Baridi. Fundi kajaribu mpaka betri ikaisha. Kapteni hakucheka tena.
Nashuka ngazi, nani yuko gatini? Kalenga. 
"Weye unafanya nini hapa?" akauliza.
"Wewe je? Nani aliwaambia saa yangu?"
"Ni mimi. Contrat, mkataba, inasema lazima tubajulishe benye meli. Donc nimekuja leo bila kubajulisha, nione meli yenyewe."
"Na ile kahawa?"
"Nilikuwa nakujaribu, maman. Nilizani bamekununua. Kama ungetia signature, ningeenda straight kwa chef, mkubwa wetu."
Nilitaka kumtukana. Lakini kwa haki gani? Mimi nami nilikuwa namwinda yeye.

Alhamisi, 16 Oktoba
Meli imekataliwa. Tumesaini wote wawili. Mkuu wa watafiti kapiga simu, kanifokea: nimewaharibia msimu mzima.  Watu wake wako hai, wana nafasi ya kunichukia.
Mvua. Mchana tumekula meza moja, mimi na Papa Kalenga.  Bado simwamini kabisa, naye nadhani hivyo hivyo. Alinisogezea chumvi kabla sijaomba.