Jagi la Mama Mkwe Kwenye Jalada la Ratiba ya Mwaka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, tena unisaidie upesi, maana onyesho linafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo na mama mkwe wangu ameshanunua viatu.

Mimi nafanya kazi kwenye makumbusho ya sanaa za mapambo, yaani vile vitu ambavyo watu huvitumia nyumbani na bado vinapendeza macho, na kila mwaka tunapanga maonyesho manne na kuyachapisha kwenye kijitabu kimoja cha ratiba, mwaka huu tumeanza na viti vya kusuka, vikafuata vitambaa vya kutarizi, sasa ni zamu ya vyombo vya udongo na tutamalizia na taa za kioo, na kazi yangu mimi ni kuandika zile kadi ndogo za maelezo zinazowekwa kando ya kila kitu, kimetengenezwa na nani, lini, kwa nini mdomo wake ni mpana, na kadhalika.

Sasa, tulipooana mama mkwe alitupa jagi la udongo la kijani alilolifinyanga mwenyewe, yeye alikuwa mpiga chapa ofisini lakini siku za mapumziko alikuwa anafinyanga, na jagi hilo ndilo lake la kwanza kutoka tanuruni bila kupasuka, kwa hiyo analipenda kupita kiasi, na upande mmoja limebonyea kwa sababu mume wangu akiwa na miaka minne alilikalia kabla udongo haujakauka. Sikufichi, mshauri, rafu yetu ya jikoni ni fupi, jagi halikuingia, nikalipeleka kazini nikawa nalitia kalamu zangu, na kila mama mkwe akisema anakuja kututembelea nalibeba kwenye kikapu, nalisugua wino, naliweka katikati ya meza kama mwali, akishaondoka narudi nalo ofisini. Miaka sita nimefanya hivyo na hajawahi kushtuka.

Balaa lilianza nilipong'olewa jino nikalala nyumbani siku tatu. Siku hizohizo mpiga picha alikuja kupiga picha vyombo vya kutia kwenye ratiba, vikatolewa ghalani vikajaa ofisini kwetu mpaka juu ya meza yangu, na kwetu sharti ni kwamba kila chombo kina namba yake chini ya kitako, imeandikwa kwa wino mwembamba, na kikionekana chombo kisicho na namba hakihojiwi, kinapewa namba kwanza, utafiti baadaye. Mtunza ghala wetu, ambaye tunamwita Bwana Namba, akaliona jagi langu limekaa na wenzake, akaligeuza, akakuta kitako kitupu, akamimina kalamu zangu kwenye kopo la biskuti, akavaa glavu, akalisafisha kwa brashi laini, akalipa namba. Niliporudi na shavu langu lililovimba nilicheka, nikafungua mdomo nieleze, na hapohapo mkuu wetu akaingia na wageni wawili, akalishika jagi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akasema, "Tazameni mbonyeo huu! Huu ni wa makusudi. Mfinyanzi anatuambia ukamilifu si wa binadamu. Hili jagi lina miaka mia na ushee, na hili ndilo jalada letu!" Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Ningesema nini, mshauri? Kwamba ni makalio ya mume wangu?

Jioni mkuu akaniambia niandike kadi ya jagi hilo, nikaketi nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: Mfinyanzi hajulikani. Hajulikani, na Jumapili iliyotangulia nilikula kwake nikaongezewa mara mbili.

Sasa jagi liko kwenye jalada, liko kwenye mabango ya barabarani, na mume wangu ndiye hana msaada kabisa, kila nikimweleza anaanguka kwenye kochi kwa kicheko, anasema, "Mke wangu, makalio yangu yameingia makumbusho, wewe usiniharibie." Juzi mama mkwe akanipigia simu, akasema, "Mwanangu, nimekiona kijitabu chenu. Hilo jagi la kwenye jalada mmelipata wapi?" Nikasema, "Aa, Mama, ghala letu lina vitu vingi." Akasema, "Haya," kisha akauliza ufunguzi ni saa ngapi, kwamba amenunua viatu na anakuja na wadogo zake wote watatu. Sidhani amelitambua, macho yake siku hizi yamefifia.

Nikisema ukweli mkuu ataaibika na mimi nitaonekana mzembe, nisiposema mama atasimama mbele ya kabati la kioo asome nilichoandika. Nimefikiria kumwambia onyesho limeahirishwa. Nimefikiria kuugua. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa shuleni, huyu ndiye mama niliye naye, ananipenda na mimi nampenda, na nashindwa kulala kwa hofu ya kumpoteza kwa ajili ya jagi. Nifanyeje?

Mwandika Kadi

*

Mke wa Aliyekalia Jagi,

Pole ya jino. Pole ya mengine ngoja kwanza nikuseme.

Unadhani kosa lako ni kalamu. Kalamu si kosa. Jagi lililobeba kalamu miaka sita limefanya kazi kuliko majagi mengi yaliyofungiwa kabatini yakingoja wageni. Safari za kikapu nazo ni ujanja mdogo wa ukwe, nyumba nyingi zina kikapu cha namna hiyo. Kosa lako ni ile kadi. Makumbusho yanakulipa useme nani alitengeneza nini, na siku moja tu katika maisha yako ya kazi ulipomjua mfinyanzi kwa sura, kwa sauti na kwa upishi, ukaandika hajulikani. Bwana Namba hakujua. Mkuu hakujua. Wewe ulijua. Aibu hiyo ibebe mwenyewe, usimtwishe mtu.

Na acha kujipa moyo na macho yaliyofifia. Mwanamke aliyefinyanga jagi, likakaliwa na mwanawe, akaamua kulichoma hivyohivyo badala ya kulivunja, huyo atalitambua hata gizani. Alipokuuliza mmelipata wapi alikuwa anakufungulia mlango, nawe ukapita kando unasalimia ukuta. Hata hivyo hakufoka na hakumshtaki mtu. Amenunua viatu na amewaalika wadogo zake. Mtu aliyekukatia tamaa hafanyi hivyo. Anakungoja useme.

Ati kuugua! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hata maradhi huna.

Ukimaliza kusoma hapa, vaa, nenda kwake. Si kwa simu. Mume mwache nyumbani na kochi lake, maana akianza kucheka na wewe utacheka, na hapo utakuwa umekimbia tena. Mweleze yote, kalamu, kikapu, jino, na hasa ile kadi, na usiseme "iliandikwa," sema "niliandika." Muombe radhi. Kisha muulize kama anataka jagi lake lionyeshwe, na akikataa, ukubali, jalada au si jalada.

Akikubali, Jumatatu asubuhi muone mkuu wako ofisini kwake, peke yenu, kabla hajaanza kupokea wageni. Mwambie mfinyanzi wa jagi la jalada yuko hai na ana simu. Ataruka, mwache aruke. Kisha mkumbushe, kwa adabu, kwamba kati ya vyombo vyote vilivyojaa ofisi ile macho yake yalilichagua hilo. Umri alikosea, uzuri hakukosea, na mkuu mwenye akili ataona kwamba mfinyanzi anayeweza kuja ukumbini ni bahati ambayo vile vyombo vingine havina. Nenda na kadi mpya ukiwa umeshaiandika, jina lake kamili, mwaka, na kwamba ameyaazima makumbusho chombo chake. Bwana Namba naye afute namba yake, wino huo unatoka. Ukipewa onyo, lipokee, limekustahili na halitakuua.

Siku ya ufunguzi watu watazunguka lile kabati na mtu atauliza nani alitengeneza jagi hili. Najua utakuwa na hamu ya kueleza, ndiyo kazi yako. Siku hiyo usiseme neno. Mpokee mama mkoba wake, uushike wewe, ili abaki na mikono miwili ya kuwaonyesha alivyolifinyanga.