Digrii Tatu

Jumanne, 4 Machi

Bibi ameingia mtaroni tena. Bibi ni gari letu, pikapu ya milango minne inayovuta kwa magurudumu yote, imenizidi umri mwaka mmoja. Hakuna aliyeumia, ila taa moja imepasuka. Lakini watoto wawili wa Kaka walikuwa nyuma, na Baba ndiye aliyeshika usukani.

Kaka alikuja jioni, hakukaa. Aliongea kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniuma. Baba ana miaka sabini na mbili, mikono inatetemeka, hii ni mara ya pili mwaka huu. Basi. Jumapili atakuja kuchukua funguo na Bibi atauzwa vyuma chakavu. Baba alikuwa anamenya chungwa. Akasema gari ndilo linalotangatanga, si yeye. Kaka akasema wazee wote husema hivyo.  Baba alimaliza chungwa lake, akaenda kulala saa mbili kasoro.

Dereva kwa miaka arobaini! Nimekasirika mpaka nimeshona zipu ya mteja kinyume.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga cherehani asubuhi nikampeleka Bibi kwenye mashine ya alaimenti, ile inayopima magurudumu yalivyokaa. Nimeendesha mwenyewe, na Baba hasemi uongo. Polepole, Bibi ni mtulivu. Ukifika sabini anaanza safari zake — anaelekea kulia, unamrudisha, anapitiliza kushoto. Ukikata kona, usukani haurudi wenyewe, unabaki pale pale ulipouacha. Nimefika nimelowa jasho.

Fundi wa mashine nimempa jina la Bwana Kijani. Anafunga vipimo kwenye magurudumu, anakodolea kompyuta macho. Namba ikiwa ya kijani, anafurahi. Ikiwa nyekundu, gari ni zee. Alirekebisha safu moja, ikawa kijani. Nyekundu zilizobaki akasema haziguswi kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Nikamuuliza zina maana gani. Akasema, dada, zina maana gari ni zee. Akanipa karatasi yangu.

Kurudi nyumbani — vilevile. Kutangatanga vilevile kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Karatasi iko juu ya meza ya kukatia vitambaa. Pembeni yake kitabu cha Bibi, kurasa zimeshikana kwa grisi. Wateja wawili wamekuja, nimewaambia nguo zao kesho.

Mashine inapima mambo matatu. La kwanza, too: pua za matairi ya mbele zinatazamana au zinapeana kisogo? Hiyo ndiyo ya kijani. La pili, kemba: tairi limesimama wima au limeegemea? Ni nyekundu, lakini kwa tofauti ya unywele. La tatu, kasta. Hapo nimesoma mara nne, nikatoka kapa.

Nikamfuata Baba uani, sikumwambia kwa nini nauliza. Hakunihutubia. Aliinua baiskeli ya Mama iliyoegemezwa ukutani, akanionyesha uma wa mbele ulivyolala, sehemu ya juu ikirudi nyuma.

"Ndiyo maana unaweza kuachia mikono na bado ikaenda," akasema. "Uma ukilala kinyume, hufiki dukani."

Kwa hiyo kasta ni ule mlalo! Kitabu kinataka digrii moja au zaidi kidogo, kulala nyuma. Yetu ni moja na dakika arobaini kushoto, moja na dakika thelathini kulia. Jana nilidhani hizo dakika ni muda aliotumia Bwana Kijani. Kumbe digrii nayo hugawanywa sitini, kama saa. Basi mbona tuko sawa? Nyekundu ya nini?

Nikaipeleka karatasi dirishani. Mbele ya kila namba kuna kistari chembamba, nilikuwa nadhani ni wino umechafuka. Hasi. Hasi moja na dakika arobaini! Bibi amelalia mbele. Muda wote huu tunaendesha baiskeli yenye uma wa kinyume.

Nimepiga kigelegele peke yangu chumbani. Si mikono ya Baba. Si mikono ya Baba!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na swali. Bibi hakutoka kiwandani hivi. Nani amempindua?

Nilijua jibu kabla sijaingia chini ya gari. Ni mimi.

Mwaka jana tulibadilisha springi za mbele. Mgongo ulikuwa umembana Baba, hawezi kuinama, kwa hiyo nikafanya mimi, yeye ananielekeza akiwa kitini. Kwa Bibi, ekseli inakaa juu ya springi, na katikati kuna kabari mbili za chuma, kila upande moja: nene huku, nyembamba kule. Unene ukikaa mbele, ekseli inainua pua na kulala nyuma inavyotakiwa. Nilipozitoa nilizichora mshale wa chaki kuelekea upande mnene, nikajiwekea kanuni yangu ya kijinga: mshale utazame kichwa changu. Siku ile nilikuwa nimelala chali, kichwa mbele ya gari. Siku ya kurudisha, jeki ilikuwa imeziba njia, nikalala kinyume, miguu mbele. Mishale ikatazama kichwa changu vizuri sana. Nikajisifu.

Leo nimeingia na tochi. Unene uko nyuma. Zote mbili.

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi nikapiga hesabu. Kila kabari ni digrii moja na nusu, imechongwa ubavuni. Ukiiweka kinyume unapoteza hiyo moja na nusu, halafu unaongeza nyingine ya upande usiotakiwa. Tatu. Hasi moja na dakika arobaini, jumlisha tatu: moja na dakika ishirini. Hasi moja na nusu, jumlisha tatu: moja na nusu. Zote mbili ndani ya kitabu! Sijawahi kufurahia kosa langu namna hii, wala kulionea aibu namna hii. Mwaka mzima Baba amebeba lawama yangu.

Nilimwambia jioni.  Akacheka mpaka akakohoa, Mama akaja kuuliza kuna nini.

"Na mimi nilishaanza kumwamini kaka yako," akasema.

Hapo ndipo nilipolia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimechoka, nimevunjika kucha tatu, nina furaha. Kabari zimegeuzwa. Boliti moja iligoma mpaka Baba akaisemesha maneno ambayo sitayaandika.

Tukaenda kwa Bwana Kijani. Akaweka sawa too, kisha akapima yote. Kushoto moja na dakika ishirini. Kulia moja na nusu. Bila kistari! Akatazama kompyuta, akamtazama Bibi, akafungua vipimo na kupima upya. Namba zilezile. Akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia, kaka, gari ni zee.

Barabarani nilimpeleka mpaka themanini kwa vidole viwili. Nikakata kona, usukani ukarudi wenyewe. Nimeimba njia nzima, na mimi sauti sina.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa kiti cha nyuma cha Bibi, tumesimama kando ya barabara kuu.

Kaka alikuja saa kumi kuchukua funguo. Nikamwekea karatasi mbili mezani, ya Jumatano na ya jana, nikamweleza yote, pamoja na nani aliyekosea. Alizisoma sana. Aliuliza hata habari za dakika. Baba akasimama, akasema, panda.

Baba kwenye usukani, Kaka pembeni yake ameng'ang'ania mpini wa mlango. Sabini. Themanini. Bibi amenyooka kama rula. Baada ya kilomita kumi hivi Kaka akaachia mpini.

"Nisamehe, Baba," akasema. "Nilikuhukumu bure."

Nilitamani kupiga kigelegele tena, nikajiuma mdomo. Baba aliendelea kidogo, akawasha indiketa, akaegesha taratibu, akazima.  Usukani umetulia tuli, na juu yake mikono ya Baba inatetemeka. Tuliiona wote watatu. Kaka akageukia dirishani.

"Nilitaka kuzitoa funguo mwenyewe," Baba akasema. "Kunyang'anywa, hapana." Akageuka nyuma, akaziweka funguo juu ya daftari hili. "Bibi hauzwi. Huyu atamwendesha."

Akashuka. Kaka akamfuata. Sasa wako mbele ya boneti. Kaka anamsihi Baba ashike usukani mpaka nyumbani, leo tu. Baba anatikisa kichwa, anatabasamu.

Nimehamia mbele. Siku zote nikiendesha huweka mto mgongoni, kiti cha Baba sikisogezi. Leo nimevuta kile chuma cha chini cha kusogezea kiti. Kiligoma kwa kutu, kisha kiti kikateleza mbele kwa kishindo, na miguu yangu ikafika yote. Baba amesikia. Ameacha kuongea na Kaka, ananitazama kupitia kioo cha mbele.