Ukipima ni Yako

Huruma, Jumamosi, Julai 1995

Baridi ya leo imeingia hadi kwenye mifupa, nguo za roshani hazikauki, na mimi nimekasirika tangu asubuhi. Nawakasirikia watu wanaouza takataka na kuziita vipuri.

Redio yetu iko kimya tangu Jumatatu. Transista ya kutoa sauti imeungua. Ni kijidude cha miguu mitatu, lakini bila hicho redio ni sanduku tu. Mimi ni karani wa kampuni ya malori, si fundi, ila hii ndiyo starehe yangu. Wengine hunywa, mimi huchomelea nyaya.

Wakati mwingine ningengoja. Safari hii siwezi. Mama mkwe ni mgonjwa sana huko Bungoma, na kwao hakuna simu. Likitokea la kutokea, tutalisikia kwenye matangazo ya vifo ya jioni, kama kila mtu. Mke wangu Nekesa hajaniuliza lolote wiki nzima. Anapika, anamfunika mtoto, anaitazama ile redio iliyofunguliwa mezani. Najua anachofikiria: mume anajidai kujua redio, na redio imemshinda.

Jumanne nilinunua transista mjini. Mwenye duka aliapa kwamba ni orijino. Iliungua kabla mtangazaji hajamaliza kusalimu. Nikajaribu duka la pili, nikapata moshi. Leo asubuhi nimeipasua moja kwa koleo. Pale ndani panapotakiwa kuwa na kipande kinachoonekana, kulikuwa na chembe kama yai la chawa. Nje wameandika namba kubwa kubwa.

Wezi!

Nikaenda Kariobangi, kwa wale wanaong'oa vipuri kwenye televisheni mbovu. Vya huko angalau ni vya zamani, vya kweli. Nikatoa mita yangu ya kupimia umeme nipime kabla ya kununua. Muuzaji akalifunika bakuli lake la transista kwa kiganja.

"Wee brathe, ukipima ni yako. Hiyo ndio sheria ya hapa."

Nikamuuliza, sasa nitajuaje kama ni nzima?

"Ukifika home utajua."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikapima moja, ilikuwa imekufa, nikailipia. Nikapima ya pili, hivyo hivyo. Nimerudi nyumbani nikitukana moyoni, mimi ninayeimba kwaya kila Jumapili.

Juu ya kabati kuna amplifaya yangu. Nimeiunda kidogo kidogo tangu mwaka juzi. Transista zake ni za aina ileile, na ni za kweli, kwa sababu zilitoka kwenye redio ya marehemu baba. Nimeing'oa moja. Imeniuma, sitaficha.

Saa ya matangazo ilipofika, redio ilikuwa inaongea. Nekesa aliacha mwiko kwenye sufuria akaja kusimama kando yangu. Majina yakasomwa. Bungoma ikatajwa, nikaiinamia redio. Alikuwa mtu mwingine, wa ukoo mwingine. Nikamgeukia mke wangu nikitarajia walau tabasamu.

Alikuwa analia.

"Baba Mumo, ulikuwa na haraka gani? Ikiwa kimya, mama alikuwa mzima."

Wiki nzima nimehangaika nikidhani ananilaumu, kumbe alikuwa anapumzika. Alirudi jikoni. Ugali ulikuwa umeshaungua chini, tukaula hivyo hivyo.

Sasa hivi nimeigusa ile transista, nikitafuta dalili ya kuungua. Haina joto hata kidogo. Ni nzima, itadumu miaka. Kesho jioni itatusomea majina tena, na kwa mara ya kwanza natamani hii nayo ingekuwa feki.