Wali Mweupe wa Bi Chen

Sparkhill, Jumanne, Novemba 2006

Tak! Mlio ule wa sufuria ya umeme bado umo masikioni mwangu. Bi Chen alikuwa ndiyo kwanza amenihakikishia kwamba siku hizi wanapika mchele usiokobolewa tu, kama mradi wetu wa afya kwa familia za Kichina unavyotaka. Nami nilikuwa nimeshaandika jibu lake kwenye fomu, huku harufu ya wali mweupe ikijaa sebuleni.

Fomu zote za mwezi huu zinasema hivyohivyo. Nilikuwa nazishuku.

"Jikoni kuna nini, mama?"

Akacheka. "Wewe mwembamba hivyo ndiye wa kunifundisha kula? Kaa nikupakulie." Kisha akashusha sauti. "Mume wangu alikula mchele ule usiokobolewa utotoni, wakati wa njaa. Siwezi kumrudishia."

Na mumewe ana kisukari, na sukari yake inapanda. Daktari akisoma fomu zetu anaona chakula kizuri, anaongeza dawa. Eti mradi umefuata mila za familia hizi! Nani aliwauliza? Mimi mwenyewe nilimuuliza nani?

Nilikula. Kisha nikafuta jibu mbele yake, nikaandika wali mweupe, mabakuli mawili, na sababu. Akatia saini. Fomu nimeshaitia posta.