Usiseme Jiwe

Mildura, 3 Machi 2019

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa miezi saba bila kukuandikia. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja, nalo ndilo lililoninyima maneno.

Unajua naishi na Desmond, mwanamume mwenzangu. Siku tunapotaka kulala pamoja, kwanza najisafisha njia ya haja kubwa. Natumia mpira wa bomba la bafu, maji ya moto, na sabuni ileile ninayofulia nguo za shambani, mara tatu. Sasa natokwa na damu chooni, na kukaa kwenye trekta ni mateso. Desmond nimemwambia ni mgongo. Kliniki ya hapa siendi, anayepokea wagonjwa ni binti wa mchungaji wetu.

Mama siwezi kumwambia. Shangazi ndiyo kabisa. Wewe umeuguza watu miaka thelathini na minane, na kwetu Tonga mpwa huchukua hata nguruwe wa mjomba bila kuomba. Basi nachukua jibu.

Mpwa wako,
Penisimani

Neiafu, 19 Machi 2019

Mpwa wangu Penisimani,

Marahaba. Mgongo ni wa mzee, usiuulize. Nguruwe ungewachukua, ungenipunguzia kazi.

Itupe sabuni hiyo. Sabuni ni ya nje tu, nayo iwe laini. Ndani ni maji safi ya uvuguvugu, kidogo, kwa kipira cha kubinya chenye ncha laini iliyopakwa kilainishi, saa moja au mbili kabla. Usitumie bomba la bafu. Nguvu yake huchana. Kipira ni chako peke yako, nacho kioshwe kila mara. Usifanye kila siku. Mtu anayekula majimbi na mboga za majani na kwenda choo vizuri mara nyingi hahitaji hata hicho kipira. Maji hayazuii ugonjwa: kondomu na kilainishi cha maji ndiyo kinga. Nawe uliyechubuka, acha yote mpaka daktari akuone, kwa maana ugonjwa hupita upesi penye kidonda.

Tena, mara moja yautosha mwili. Hizo mbili za ziada unamwosha nani?

Mwaka 1988 aliletwa wodini seremala mmoja, akivuja damu kama wewe. Nilimuuliza ameumiaje, akasema ameangukia jiwe. Nilijua si jiwe. Niliandika "jiwe" kwa mwandiko mzuri, nikampa dawa ya jiwe. Alirudi mara mbili na jiwe lake. Kisha nikasikia amezikwa. Mwenye haya siku ile nilikuwa mimi.

Nenda kliniki ya mji mwingine. Ukiulizwa, usiseme jiwe.

Mjomba wako,
Sitiveni

Mildura, 26 Mei 2019

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua ulihesabu wiki. Wiki mbili za kwanza barua yako ilikaa chini ya godoro, nami nikiendelea kuvuja. Ya tatu nikapanda basi.

Daktari ni mama mwenye mvi. Akauliza, "Umeumiaje?" Mjomba, nilikuwa nimeshaandaa trekta. Trekta lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema sabuni.

"Sabuni tu?" akasema. "Wengine huniletea siki. Lala ubavu."

Ni mchaniko. Alinipa dawa ya kupaka, akanipima magonjwa yote, sina hata mmoja. Aliniambia nipumzike wiki sita, na mengine aliyosema ni yako neno kwa neno. Sasa kidonda kimefunga.

Desmond nilimweleza jikoni. Alikuwa anamenya viazi, akamaliza kiazi chake kwanza. Kisha akasema, "Nani alikuambia unanuka, wewe?" Nikatafuta jina la kumtajia, nikakosa.

Anataka kuja nami nyumbani Krismasi. Mama ataniuliza atandike godoro moja au mawili. Najua huwezi kunisemea. Kwetu kaka hazungumzi mambo hayo na dada yake. Ni mimi na mama tu. Nikishaamua kama nitamwambia, nitakuandikia. Nikimnyamazia, nitakuwa nimenyamaza tu. Trekta sitamtajia.

Mpwa wako,
Penisimani