Uji wa Wazima na Uji wa Mgonjwa

Mwangaluka, mayu, mama yangu,

Huku Dutwa kumekucha, na mimi nimechoka. Tangu tukuzike nimerudi nyumbani kumtunza baba, na tangu kiharusi kimpige, koo lake limelegea. Kila asubuhi napika uji wa aina mbili, naye anachagua ule usiomfaa.

Unakumbuka siku niliyomwaga unga wa mtama moja kwa moja kwenye maji yanayochemka? Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Unatupikia mawe?" Ukanionyesha: unga ukorogwe kwanza na maji baridi, ndipo umiminwe, na ukwaju mwishoni. Huo ndio uji tuliobeba kwenda kupalilia pamba. Baba aliumaliza kwa mkupuo, akafuta sharubu, akashika jembe.

Wa mchele ulikuwa na heshima yake. Uliuchemsha taratibu mpaka punje zipasuke, ukatia maziwa. Sisi wazima hatukuugusa. Ulikuwa wa aliyejifungua au anayeumwa. Nilipougua surua niliuonja, nikatamani nisipone haraka.

Sasa hospitali wamesema baba apewe kitu laini, kwa sababu mtama unampalia. Nikimpelekea wa mchele anausukuma. "Nani mgonjwa humu ndani? Nipe uji wa wazima." Nimembembeleza, nimemkaripia. Nimetia hata ukwaju kwenye mchele ili nimdanganye. Aliunusa, akanitazama kama mwizi wa kuku. Basi nampa mtama, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, nami namshika mgongo. Sikio la kufa halisikii dawa, mayu. Ulimwezaje mzee huyu miaka yote ile?

Leo asubuhi nimemwekea vikombe viwili kama kawaida. Ameviangalia kwa muda mrefu, kisha akasema polepole, "Mwanangu, nipe wa mchele." Ameunywa wote kijiko kwa kijiko, hakukohoa hata kidogo, wala hakunitazama.

Hicho ndicho nilichokuwa nikiomba kwa Mungu kila siku. Nimeosha kikombe, nimekwenda nyuma ya jiko, nikalia. Kumbe nilitaka aendelee kukataa.

Pumzika, mayu. Najua unamkumbuka, lakini usimwite bado.

Binti yako wa kwanza